Makopo Saba ya Maalim

Maalim alikuwa hagusi mlango wa mtu. Akija kwako husimama uani, hupiga hodi tatu, na usipoitika hugeuka akenda zake, hata kama anakuona dirishani umejilaza. Mimi ndiye niliyekuwa nimejilaza mara nyingi, kwa hiyo hili nalieleza kwa uzoefu. Kesho yake mkikutana hukwambia, bila kucheka, "Jana nlipita kwako. Ulikuwa mzima lakini hukuwapo."

Mimi ni mtu wa ndani. Nashona kofia za viua, kazi isiyomtaka mtu atoke, na tangu nimalize form four sijapata sababu ya maana ya kwenda mbali kuliko dukani. Mke wangu anasomesha skuli. Huondoka asubuhi, hurudi mchana, na watu wakimuuliza nani mwanamume katika nyumba ile, hujibu kwamba suala hilo bado linashughulikiwa. Tunakaa nje kidogo ya Mtambile, na baina ya nyumba yetu na ya Maalim palikuwa na ua wa makuti tu, tena makuti yenyewe yamechoka, ukitazama unaona. Nilimjua kwanza kama mwalimu wangu wa Kurani, halafu kama jirani, halafu, kwa muda mfupi, kama mtu aliyenitegemea. Huo muda mfupi ndio nisiopenda kuukumbuka, na ndio ninaoukumbuka zaidi.

Alikuwa mtu wa maji. Watu wengine hutia udhu. Yeye alikuwa akishauriana na maji. Angeweza kukaa pale birikani msikitini mpaka watu wa safu ya mbele wakaanza kukohoa. Sisi wanafunzi wake tulizijua najisi kwa ngazi zake, nyepesi, ya kati na nzito, kabla hatujajua Pemba ina wilaya ngapi. Nzito ni mbwa na nguruwe. Kwa kuwa nguruwe hatukupata kumuona, mbwa alibebeshwa somo zima peke yake.

Somo hilo mimi nililisoma kwa mwili. Nilikuwa na miaka tisa. Msasi mmoja alipita njia ya chuo chetu cha Kurani na mbwa wake wamerowa mvua, mmoja mdogo akaja akanilamba kiganja. Ningekimbia kama wenzangu. Mimi nikamkuna masikio. Maalim akaona. Hakunipiga, na bora angenipiga. Alinisimamisha katikati ya uwanja, akaagiza maji na konzi ya udongo, akaniosha mkono mara saba, ya kwanza kwa udongo, chuo kizima kinahesabu kwa sauti. Tangu siku ile jina langu Saba. Nimeoa nikiwa Saba. Vyeti vyangu vina jina jengine, lakini halitumiwi na mtu ila mke wangu akikasirika.

Kusifu alikuwa hajui. Neno lake kubwa kabisa lilikuwa "haikuharibika". Mtoto akihitimu, haikuharibika. Harusi ikifana, haikuharibika. Nilipomshonea kofia yake ya kwanza, kazi ya miezi mitatu, viua vidogo kama mbegu za ufuta, aliigeuza nje ndani, akaitia kichwani, akaitoa, akasema haikuharibika, nami nikatembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyepewa nishani.

Alitukataza redio, alisema inaziba masikio yasisikie Kurani. Mwenyewe alikuwa nayo moja ndogo, imefungwa kwa mpira wa baskeli, na Jumamosi ikicheza timu yake ungeisikia kupitia makutini inanong'ona. Ukimuuliza, alikuwa anasikiliza taarifa ya hali ya hewa. Hali ya hewa ikifungwa mabao mawili, Jumapili chuoni tulisomeshwa kama wafungwa.

Mkewe alipofariki tulidhani ataoa au atahama. Hakufanya hata moja. Alijifunza kupika. Alipika muhogo wa nazi, muhogo mgumu na nazi iliyokatika, halafu bakuli moja alilipitisha juu ya ua kutuletea sisi. Mke wangu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaja ndani akasema Maalim anatufunza subira kwa vitendo. Lakini alikula. Mimi nilikula kwa sababu yeye alikuwa ananitazama.

Muhogo wenyewe ulitoka katika shamba lake, ambalo lilianza pale ua wake unapoishia nyuma. Na muhogo huo ndio uliokuwa umemshikia nyumba. Mwanawe wa pekee yuko Unguja, ana kazi nzuri na nyumba ya ghorofa ya tatu, na wala si mtu mbaya. Baada ya arubaini ya mama yake alikaa na baba yake kibarazani, mimi nikiwa shahidi kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, wakaelewana. Maalim akijilisha mwenyewe, atakaa kwake. Siku muhogo utakapomshinda, atahamia kwa mwanawe bila ya maneno. Maalim alikubali upesi. Muhogo haukupata kumshinda maisha yake yote. Hakuwatia tumbili katika hesabu.

Tumbili haibi kama mtu. Mtu hung'oa anachokwenda kula. Tumbili hung'oa mashina kumi, huuma mawili, na manane huyalaza pale uyaone ukiamka. Maalim alijaribu debe, akajaribu moshi wa pilipili. Akasimamisha sanamu la miti, akalivika kanzu yake kuukuu na kofia, na siku ya tatu tukamkuta tumbili amekaa begani mwa sanamu anaichambua ile kofia kama anayeitafutia chawa. Mke wangu alisema hata yeye kwa mbali alikwisha kuliamkia shikamoo. Maalim hakucheka. Alikuwa anatazama mashina. Robo ya shamba ilikuwa imekwenda.

Ndipo akaja kwangu, akapiga hodi, nami siku hiyo nikaitika. Alisema anakwenda kuchukua kijibwa kwa msasi wa Mgogoni. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Weye, Maalim?"

"Mie. Kitabu kimetoa ruhusa ya mbwa wa kusaka, wa mifugo na wa shamba. Mie nlikuwa nakusomesheni ukurasa wa juu. Wa chini hamkuufikia."

Halafu akanambia neno alilolijia khasa. Watu watasema. Mimi ni jirani, sitoki, nitaona kila kitu tangu mwanzo wake. Siku wakisema, niseme nilichokiona, basi, wala nisitie chumvi. Nikamwambia nitasema. Ilikuwa rahisi. Sikuinuka hata mkekani.

Sasa, wakulima wa Mgogoni wana mbwa tele na hakuna anayewahesabu. Mbwa analala shamba, anakula makombo, mvua ikinyesha ni shauri yake. Lau Maalim angefanya vivyo hivyo, akafunga kijibwa mnazini huko nyuma asiseme na mtu, leo ningekuwa bado naisikia hali yake ya hewa. Lakini msasi alimwambia kijibwa hakina budi kilale karibu naye mwezi mzima, kimjue mwenyewe. Na Maalim hakuwa mtu wa kuikaribisha najisi nzito uani kwake bila ya kuiandalia. Alianza wiki mbili kabla.

Misahafu yote aliitoa rafu ya chini akaipandisha darini. Msala aliutundika ukutani. Kandambili zake aliziweka jozi mbili, za uani na za ndani, na akawaonya watoto wa chuo wasizichanganye. Banda la kuku lililokuwa tupu alilipiga ufagio, akalitandika gunia la karafuu. Bakuli la kijibwa akalifanya kifuu cha nazi, na ili kisije kikachanganyika na vyombo vya watu akakipaka rangi nyekundu. Rangi ikabaki. Akachukua makopo saba ya maziwa ya unga, akayaandika kwa rangi ile ile moja mpaka saba, kwa tarakimu za Kiarabu kwani ndizo alizozizoea, akayapanga safu kibarazani. Sita ya maji. La kwanza lilikuwa na udongo alioupepeta kwa chekeche ya marehemu mkewe, mpaka ukawa laini kama poda.

Likabaki suala la kamba. Alitaka kujua kijibwa kitafika wapi, asije akakanyaga penye mate yake. Kijibwa chenyewe kilikuwa bado Mgogoni, kwa hiyo tulifunga nazi. Aligonga kigingi upenuni, akafunga kamba ya usumba, upande wa pili nazi kavu na makumbi yake, akanipa mimi niiburure kwa mzunguko kamba imekaza, naye akawa nyuma yangu ananyunyiza chokaa pale nazi inapopita. Nilipomaliza akaniambia nirudie.

"Kijibwa kitavuta kuliko weye, Saba."

Nikarudia, jasho linanitoka, na ninakiri tulicheka. Hata yeye. Lilipokamilika duara alisimama akalitazama, akasema haikuharibika.

Ila mtu aliyepita njiani hakuona mbwa, kwa sababu mbwa hakuwapo. Aliona mzee aliyefiwa na mke, akiwa na jirani yake, wanazungusha nazi kwa kamba. Aliona duara la chokaa, makopo saba yenye maandishi mekundu ya Kiarabu, na kifuu cha rangi ya damu. Sisi Wapemba ukituwekea vitu hivyo pamoja hatuulizi ni vya nini. Tunajua. Tunakosea, lakini tunajua.

Wa kwanza kuniuliza alikuwa mwenye duka letu. Kofia zangu zinatundikwa dukani kwake, na watoto wake wawili walikuwa wanasoma kwa Maalim. Akaniuliza kwa sauti ya chini Maalim ana shughuli gani. Ningesema kijibwa cha kufukuza tumbili, nikachukua sukari yangu nikaenda zangu. Lakini mimi ulimi wangu una maradhi ya mzaha.

"Anamtengenezea mgeni wake," nikasema.

"Mgeni gani?"

"Mdogo tu. Chakula chake kwenye kifuu."

Nilimsubiri acheke. Alinifungia sukari, akanitazama, hakucheka.

Kijibwa kikaja ndani ya pakacha, rangi ya mchanga, kifua cheupe, tumbo kubwa na miguu isiyoelewana. Kilikuwa kimechelewa. Kabla hakijafika walikwisha kuondoka watoto wa mwenye duka, na baada ya kufika wakaondoka waliobaki, wawili leo, watatu kesho. Hakuna mzazi aliyekuja kusema kitu. Mmoja mtoto wake alikuwa na homa, mwengine aliona chuo ni mbali, na miaka yote hakikuwa mbali. Maalim aliendelea kutoka kibarazani saa ya chuo, akakaa miguu imekunjwa, msahafu mbele yake. Akisoma mwenyewe. Akimaliza hufunga, huvaa kandambili za uani, huivuka ile chokaa na kwenda kukilisha kijibwa.

Hakukipa jina. Aliniambia kijibwa hiki ni cha kazi, hakuna haja ya kukiita. Lakini makuti yamechoka, nimeshasema, na asubuhi moja nilikuwa nimekaa na sindano yangu nikamsikia upande wa pili, kwa sauti ambayo sisi chuoni hatukuwahi kuisikia, anasema, "Njoo, baba. Njoo ule." Baada ya hapo nikasikia maji yanamwagwa. Moja, mbili, tatu. Nilijikuta nahesabu mpaka mwisho.

Mke wangu alinikabili siku hiyo hiyo. Aliniambia watu wanasema Maalim anafuga, na si mbwa wanayemkusudia, ni jini, na mimi peke yangu ndiye niliyeshika ile kamba. Nikamwambia yatapita. Aliniita kwa jina langu la cheti.

Ijumaa baada ya sala watu hawakuondoka. Mwenye duka alisimama karibu na nguzo, akaanza kwa heshima zote, Maalim ni mzee wetu, sote katusomesha. Kisha akasema tuna watoto na tunawahofia. Mtu mmoja akauliza kuna ubaya gani wa kijibwa, watu wa Mgogoni wanavyo.

"Hicho si kijibwa," akasema mwenye duka. "Hicho kitu."

Kwetu sisi neno hilo likishasemwa hivyo, halina haja ya kuongezwa. Mtu aliyekaa karibu na Maalim alisogea kidogo, akajifanya anautengeneza mkeka.

Maalim alisimama. Alichukua muda, goti lilikuwa linamsumbua. Hakukasirika na wala hakusoma aya. Alisema, "Kijibwa cha shamba. Jirani yangu huyu kaona tangu siku ya kwanza. Mulizeni yeye."

Wakanigeukia wote. Nikakohoa. Wakadhani nasafisha koo, wakanisubiri. Nilizifikiria kofia zangu dukani. Nilifikiria mwenye duka akinikumbusha mbele ya watu kwamba ni mimi niliyesema mgeni. Na palikuwa na jambo la tatu, ambalo mke wangu halijui mpaka leo. Nilimtazama Maalim amesimama peke yake katikati, watu wote wanamkodolea macho, na kwa muda mdogo, mdogo sana, ilinipendeza.

"Mie mtu wa ndani," nikasema. "Sitazami ya watu."

Maalim akanitazama. Akasema, "Haya." Akatafuta viatu vyake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Kijibwa kilikuwa bado kidogo, kilikuwa kinawabwekea kuku na kunibwekea mimi, na tumbili hawakukiogopa. Walikuwa wanakaa ukingoni mwa shamba wanakitazama. Zamani, ukizidi uharibifu, wazazi wa wanafunzi walikuja kushinda shambani kwa zamu na madebe. Mwaka huo hakuja mtu. Mimi nilikwenda mara mbili, kisha nikaumwa mgongo. Kufikia wakati wa kuvuna alikuwa anang'oa mizizi mikubwa kama vidole. Mwanawe akaja akaliona shamba. Hakusema kitu, kama walivyoelewana, na Maalim akaanza kufunga vitu vyake.

Siku ya kuondoka alikuja uani kwetu, akapiga hodi. Nilitoka. Alinitia mwisho wa kamba mkononi, na kijibwa upande wa pili kinaivuta. Akasema mbwa ana haki ya kula na ya maji, na mengine nayajua. Hakutaja Ijumaa. Ningependa kusema nilimuomba radhi. Nilimuuliza kama boti ya Mkoani inaondoka saa ngapi.

Nilikifunga pale pale upenuni kwake, nikawa nakipelekea chakula nikihakikisha njia haina mtu. Siku kama ishirini hivi. Kisha mwenye duka akaniuliza, wala hakuuliza kwa ubaya, kama siku hizi kitu ni changu. Jioni ile nilikifungua kamba. Hakikukimbia. Kilikaa mlangoni kwa Maalim siku nne, kila nikipita kinainua kichwa, na siku ya tano hakikuwapo. Sikukitafuta. Shamba likaota majani, tumbili wenyewe wakalihama, hapakuwa na cha kung'oa.

Mwaka jana mke wangu alikuwa na mafunzo Unguja, akasema nitamfuata, tutakwenda kumuona Maalim, na safari hii mgongo ukiniuma utaniuma ndani ya boti. Tulikwenda. Tulipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, mwanawe akatupokea vizuri, akatutilia soda. Maalim alikuwa kwenye kochi ambalo bado lina nailoni yake. Amekonda, lakini akili ilikuwa yake yote. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hali ya ushonaji. Halafu, kabla sijaimaliza soda:

"Na kijibwa?"

Mke wangu alikuwa anajua nilichokifanya. Akaangalia dirishani.

"Hajambo, Maalim. Kashakuwa mbwa khasa."

"Anabweka?"

"Anabweka."

"Na tumbili?"

Maneno yalikuja yenyewe, hayajapata kunijia vizuri kama siku hiyo. Nilimwambia hawasogei. Nilimwambia muhogo umesimama, nimemlimia palizi mwenyewe, mashina yana unene wa mkono. Nilidhani namtuliza. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kidole kinakwenda na kurudi juu ya ile nailoni. Kisha akamwita mwanawe kutoka jikoni.

"Njoo usikie maneno ya jirani yangu. Ahadi yetu ilikuwa muhogo ukinshinda. Haukunshinda." Akanigeukia. "Basi nirejeshe."

Mwanawe alinitazama. Yeye shamba lile alilipita mwezi uliotangulia, alipokuja Pemba kuzika jamaa. Alisubiri niseme, na mke wangu akasubiri. Maalim hakusubiri. Alikuwa amekwishainuka, amekwenda chumbani, na sote tulimsikia anafungua kabati.

Alitoka na kanzu ya safari na mfuko mmoja. Alikuwa ameshavaa viatu. Nikamwambia boti ya leo imejaa.

Akauweka mfuko chini baina ya miguu yake, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akaniuliza ya kesho.